Mwaka Tulipolisha Viwavi

Chumbani siku ile tulikuwemo watano. Alikuwemo Ba, mwenye mguu. "Ba" ni mama kwa Kigujarati, na nyumba nzima, mimi nikiwemo, tulimwita hivyo. Alikuwemo Kirit, mwanawe, mwenye duka la vitambaa Biashara Street, ambaye sisi wafanyakazi tulimwita bosi. Alikuwemo Hansa, mke wa Kirit, amesimama mlangoni na kitambaa puani kwa sababu ya harufu. Alikuwemo Dakta Kerubo, mtafiti wa vidonda, aliyepanda kutoka maabara ya chuo kule mjini akiwa na mkoba mdogo kama wa fundi wa saa. Na nilikuwemo mimi, Nyambura, nimepiga magoti sakafuni, kisigino cha Ba kimelala kiganjani mwangu, maana kazi yangu katika nyumba ile ilikuwa huo mguu. Ni miaka mingi sasa, na wiki tatu zilizopita mwili wa Ba ulichomwa Kariokor kama ilivyo desturi yao. Nilisimama nyuma na wanawake, miguu yangu mwenyewe imevimba siku hizi, nikajikuta nawataja wale watano kimoyomoyo. Hansa alitangulia. Dakta yuko ng'ambo na sijui hata nchi gani. Tumebaki mimi na Kirit, na Kirit si mtu wa kukumbuka. Kwa hiyo naandika mimi, niliyeacha shule mapema ili wadogo zangu wawili wasiiache, na nitaandika kwa namna ninayoweza.

Chumba cha Ba kilikuwa nyuma ya nyumba, pale Mountain View, dirisha likitazama bustani ambayo hakuna mtu aliyeikalia. Kitanda cha chuma, picha ya marehemu mumewe iliyovishwa maua ya plastiki, stuli ya kuwekea mguu, na redio iliyosemea chini siku nzima kama mtu anayelalamika chumba cha pili. Watu wale ni Wajaini. Hawali nyama wala yai, na hawali kitu kinachong'olewa na mzizi: kitunguu, kiazi, karoti, saumu, vyote havikuingia jikoni. Maji walichuja kwa kitambaa, na chakula cha jioni kililiwa kabla jua halijazama ili mdudu asianguke sahanini bila kuonekana. Nilijifunza kupika ndengu bila kitunguu zikawa tamu, na mpaka leo nikikaanga kitunguu kwangu huwa natupia jicho mlangoni. Githeri yangu niliyobeba kutoka nyumbani nilikula nikiwa nimekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Ba alikuwa akipaza sauti kutoka kitandani: "Dikri, wewe nakula?" Dikri ni binti. Nami hujibu, "Nakula, Ba." "Kula mingi. Lakini hapo hapo nje."

Kidonda kilikuwa juu ya kifundo cha mguu, kipana kama kiganja changu. Aligonga pembe ya kitanda, na kwa kuwa alikuwa na kisukari, kilichoanza kama mkwaruzo kilikataa kupona, kikala ngozi, kikala nyama. Kila asubuhi nililowesha shashi kwa maji ya chumvi yenye uvuguvugu, nikaibandua polepole, na kila asubuhi shashi ilitoka na ule utando mwembamba wa waridi uliokuwa umejitahidi kuota. Tulirarua kila siku kile ambacho mwili ulikuwa umejenga. Ba hakulia. Alihesabu shanga zake na kuangalia ukuta. Nilikuwa msichana mwenye nguvu wakati ule, lakini nikitoka chumbani mle nilichoka kama mtu aliyelima. Daktari wa upasuaji alikuwa ameshasema neno lake: mguu ukirudi kliniki baada ya mvua ndefu ukiwa vilevile, utakatwa chini ya goti. Ndiyo maana Kirit alimleta Dakta Kerubo.

Dakta alikuwa na mazoea ya kueleza mambo kwa mikono. Alisema ngozi ni protini, na kidonda kilichochoka huhitaji kitu cha kushika ndipo kiote, kama vile mkarakara unavyohitaji waya wa kutambalia. Kitu hicho nacho ni protini, na katika maabara yake walikuwa wakikitengeneza kwa vitu mbalimbali.

"Kuna ngozi ya samaki," akasema. "Ngege. Tunaisafisha, tunaikausha, inafunika kidonda vizuri sana."

"Samaki hapana," Ba akasema.

"Kuna ya ng'ombe. Kano tunatoa pale machinjioni Dagoretti..."

Hansa aliguna mlangoni. Ba aliacha kuhesabu shanga zake. Alimtazama Dakta kama mtu aliyetoa tusi mbele ya watoto.

"Basi utando wa yai. Ule mweupe wa ndani ya ganda."

"Yai ni mtoto."

"Mama," Dakta akasema, akivuta pumzi, "protini ya namna hii haitoki kwa kabichi. Sufu ya kondoo bado tunaihangaikia, haijafika kiwango cha kuwekewa mtu. Iliyobaki ni hariri."

Hapo Kirit aliinama akatazama viatu vyake. Nilikuwa najua sababu, kwa maana wafanyakazi wa dukani walikuwa wakiisema. Duka lao ndilo pekee katika safu ile lisilouza hariri. Bibi harusi akija kutafuta sari ya hariri alielekezwa duka la jirani. Mume wa Ba alimwahidi hivyo walipooana, na mwanawe akairithi ahadi pamoja na duka.

"Hariri hapana kuja nyumba hii," Ba akasema. Alizungumza Kiswahili cha zamani cha madukani, na sijaona mtu aliyekosa kumwelewa. "Dudu iko ndani. Watu nachemsha yeye hai."

Kirit alimvuta Dakta nje hadi kwenye ukumbi. Walifunga mlango lakini nyumba zile kuta zake ni nyembamba. Nilisikia, nasi sote tulisikia, Kirit akisema, "Daktari, wewe weka tu. Tumwambie ni plastiki. Nyambura ndiye anamfunga, hatasema."

"Kirit!" Ba aliita. "Mimi mguu iko mbaya. Sikio iko mzuri!"

Walirudi wamenywea. Ba alianza kuzungusha shanga tena. Kisha akamwuliza Dakta, si kwa hasira: "Hii dudu, kama natoka yenyewe?"

Dakta alieleza. Kiwavi wa hariri hujisokotea kifuko cha uzi, hulala humo, na akiachwa hutoboa tundu akatoka akiwa nondo. Wafugaji humuua kabla hajatoboa kwa sababu tundu hukata uzi na uzi uliokatika haufumiki. "Lakini mimi sifumi," akasema, kama mtu aliyeshtuliwa na maneno yake mwenyewe. "Mimi nachemsha kifuko kwa magadi, nakiyeyusha, namwaga kwenye sahani kikauke kiwe utando. Kifuko kikiwa na tundu au kisiwe na tundu, kwangu ni sawa. Shida ni kwamba hakuna mfugaji atakayeniuzia chenye tundu. Inabidi mtu awafuge na awangoje. Na awe na miforsadi, kwa maana hawali jani lingine."

Mimi nilikuwa bado nimeshika kisigino. Nikasema kwetu Mutuini ua wote ni miforsadi. Ulipandwa na mradi fulani wa hariri uliokuja, ukafanya semina, ukaondoka. Hakuna aliyenilazimisha kusema. Ba aliniwekea mkono kichwani na kutoa sharti lake, la pekee: "Asife hata moja kwa sababu ya mimi. Wewe nasikia, dikri? Hata moja." Nikasema nimesikia.

Nyumba yetu Mutuini ilikuwa ya mbao, vyumba viwili na jiko la nje. Chumba cha ndani, kilichokuwa na joto, alilala mdogo wangu Shiro, aliyekuwa kidato cha pili na aliyehitaji mahali pa kusomea. Mimi na Kim, kitinda mimba wetu, tulilala sebuleni. Nilipomwambia Shiro kwamba chumba chake kinahitajika kwa ajili ya viwavi, aliweka kalamu chini.

"Ati viwavi?"

"Wa dawa. Wa mguu wa Ba."

"Kwa hivyo wewe unaosha mguu wa Mhindi, na sisi tunalisha funza wake."

"Si funza."

"Si funza, ni wapangaji. Watalipa rent lini?" Kim alicheka mpaka akamwaga chai. Shiro mwenyewe hakucheka, lakini kesho yake niliporudi kazini nilikuta ameshahamisha godoro na kuosha sakafu ya kile chumba kwa maji matupu, bila sabuni, kwa kuwa Dakta alisema viwavi hawavumilii harufu.

Hawakuvumilia kitu. Moshi ungewaua, dawa ya mbu ingewaua, taa ya mafuta ingewaua, marashi ya mgeni yaliwafanya wainue vichwa na kuacha kula. Jani lenye maji liliwaharisha. Na mvua ndefu zilikuwa zimeanza. Basi Shiro alitoka alfajiri kukata matawi kwenye ua, akayaleta ndani yakichuruzika, akaketi na kanga kuukuu kupangusa jani moja baada ya jingine, mbele na nyuma, huku kitabu cha baiolojia kimeegemezwa kwenye debe. Mimi niliondoka mapema kwenda Mountain View na kurudi jua likizama, nikapokea zamu. Walikuja kutoka kwa Dakta wakiwa mayai kwenye karatasi, wakaanguliwa wakiwa vijiuzi vyeusi, na baada ya wiki nne walikuwa wanene kama kidole changu, weupe, baridi, na sauti yao ya kula ilijaza nyumba kama mafuta yanayochemka kwa moto mdogo. Siku moja waliacha kula wote. Tuliwawekea trei za mayai za karatasi, wakajisokotea humo, kila mmoja kwenye shimo lake, kama watu waliopewa nambari za vyumba. Shiro aliwaangalia kwa muda mrefu akasema, "Hawa wamefika mbali kunishinda. Kila mmoja ana chumba chake."

Nondo walipotoka, tulikuwepo. Walitoka asubuhi, wamelowa, wana manyoya kama ya kitambaa cha bei, na hawakuweza kuruka wala kula. Kazi yao ilikuwa moja tu: kutafutana, kupandana, na kutaga. Dakta alikuwa amesema kwamba kwa kawaida nondo wakishatoka hukusanywa na kutupwa, lakini sharti la Ba lilikuwa wafe kwa siku yao. Tuliwaacha juu ya magazeti, nao walikufa taratibu wiki ile, mmoja mmoja, bila fujo. Magazeti yalibaki na vitone vya manjano kama mtu aliyemwaga mtama. Niliyakunja nikayaweka pembeni ya chumba. Sikuyachoma, kwa kuwa kuchoma ni kuua, na sikuwa na wasiwasi nayo. Dakta alikuwa ametoa mayai yake kwenye friji, na mimi nilikuwa na hakika kwamba yai la hariri lisipowekwa kwenye friji huharibika. Shiro naye alikubali. Hata leo naona ni wazo la akili kabisa. Nilipeleka vifuko vyote vyenye matundu mjini kwa Dakta, katika gunia la sukari lililokuwa jepesi kama halina kitu, na nikarudi nikalala bila kula.

Utando wenyewe ulifika kwenye boksi la plastiki, vipande vya mraba, vinang'aa, unaweza kusoma gazeti kupitia kwake. Dakta alikuja kuuweka mara ya kwanza. Ulipogusa kidonda ulilegea ukashika, ukawa kama haupo. Hatukuuondoa kesho yake, wala keshokutwa. Tulitazama kidonda kupitia kwake kama unavyotazama samaki chini ya maji. Baada ya wiki moja Dakta aliulowesha ukatoka wenyewe, na kwa mara ya kwanza tangu niijue ile kazi, hakuna kilichoraruka. Pembeni kulikuwa na ukingo mpya wa waridi, mwembamba kama ukucha. Ba aliuliza, "Iko nini?" Nilimshikia kioo cha Hansa cha kujipakia poda ili aone. Alitazama, akarudisha kioo, akasema nimletee chai. Nilipoleta chai nilikuta ameshalala, mdomo wazi, akikoroma kama mwanamume. Sijui kama alikuwa amelala hivyo mwaka mzima.

Kila asubuhi tangu siku ile alinisalimu vilevile. Hakuuliza habari ya mguu. "Dudu iko sawa?" Nami hujibu, "Walishamaliza, Ba. Walikufa kwa siku yao." Anaitikia kwa kichwa.

Ilikuwa baada ya boksi kufika nusu, kidonda kimefunga zaidi ya nusu, ndipo Shiro aliponipokea langoni bila salamu. "Njoo uone masizi yanatembea." Nilidhani anatania. Katika pembe ya chumba, magazeti yalikuwa meusi. Masizi yale yalikuwa yakipanda ukutani, juu ya godoro lake alilokuwa amelirudisha, ndani ya begi la shule. Kila kitone cha manjano kilikuwa kimefunguka. Nondo mmoja wa kike alikuwa ametaga mamia, na wa kike walikuwa wengi. Tulikuwa tumelisha mamia wa kwanza kwa shida, na ua wote ulikuwa umebaki vijiti. Hawa walikuwa maelfu kwa maelfu, na kila mmoja alikuwa na njaa.

Nilimpigia Dakta simu. Alisema kwa upole kwamba alidhani ningewatenganisha majike na madume, lakini kwamba mimi ningejuaje, na kwamba atachukua trei kadhaa. Alichukua. Wafugaji wawili aliowajua walichukua kidogo. Waliobaki hawakuonekana kupungua. Shiro alianza kwenda mbali kutafuta majani: kwenye uwanja wa kanisa Waithaka, nyuma ya shule, kwenye shamba la mzee aliyemfukuza kwanza na baadaye akamkatia mwenyewe. Alikatakata majani kama sukumawiki ya mtoto, kwa sababu midomo ile haikuweza jani zima. Kila asubuhi tulifagia waliokufa. Walikuwa wepesi hivi kwamba ukipumua wanapeperuka. Mtihani wa muhula ulikuwa wiki ile. Shiro aliufanya vidole vikiwa vya kijani, akalala juu ya karatasi ya hesabu.

Nilimweleza Kirit dukani, katikati ya marobota ya pamba. Alipima kitambaa cha mteja hadi mwisho ndipo akanijibu. "Usimwambie. Akijua atauvua utando. Unaelewa? Atavua, na daktari wa upasuaji anatungoja."

"Ananiuliza kila asubuhi, bosi."

"Sasa si unajibu kila asubuhi? Endelea kujibu."

Nilitembea kutoka mjini hadi Mountain View siku ile, nikiwa na nauli mfukoni, kwa sababu sikutaka kufika. Nilikuwa mchovu kwa namna ambayo usingizi hauondoi. Niliona wazi jambo lilivyo. Nikinyamaza, mguu ungepona. Nikisema, huenda ungekatwa. Lakini mguu haukuwa wangu, na sharti halikuwa langu, na mtu aliyekuwa akiniuliza hakuwa Kirit. Asubuhi yake Ba aliponiuliza kama dudu wako sawa, nilimwambia hawako sawa. Nilimwambia yote, hata ya kufagia.

Hakunipigia kelele. Aliniambia nifungue bandeji. Nikafungua. Alikitazama kidonda chake kwa muda, kile kidimbwi kidogo kilichobaki na nchi kavu ya waridi iliyokizunguka, kisha akaniambia nifunge. Nikafunga na utando wake ndani. Hakula siku ile. Hansa alilia jikoni akanilaumu kwa Kigujarati, lugha ambayo alijua siielewi, ili tusigombane. Siku ya pili Ba hakula. Siku ya tatu alivaa sari yake nyeupe ya pamba na kusema anataka kupelekwa kwa dudu.

Mutuini yote ilitoka kuona. Gari la Kirit lilikwama kwenye matope ya njia yetu, na Ba akamalizia hatua zilizobaki kwa fimbo, mimi upande mmoja, Kirit upande wa pili na suruali imekunjwa. Shiro alikuwa ameketi mlangoni akipangusa majani. Hakusimama.

"Ba, karibu," akasema. "Watoto wako wako ndani. Wamekungoja sana."

"Iko ngapi?"

"Muulize Mungu. Mimi niliacha kuhesabu kwa sababu ya usingizi."

Nilimkanya Shiro kwa macho. Ba aliingia, akatazama kuta, akatazama pembe ambapo rundo la asubuhi lilikuwa bado halijatolewa. Akaketi kwenye debe, akaweka mguu wake juu ya begi la shule la Shiro kwa kuwa hapakuwa na stuli, akanyoosha mkono. Shiro alisita, kisha akampa kanga na fungu la majani. Walipangusa wote wawili hadi saa za chai. Kirit alisimama nje, akipiga simu, na alipomaliza, madereva wawili wa duka walikuwa njiani kwenda Kikuyu kutafuta miforsadi. Majani yalikuja kwa buti la gari kila siku tangu hapo. Ba naye alikuja, siku nyingi, Dakta akifoka kwamba mguu ule unatakiwa kuinuliwa. "Iko juu ya begi," Ba alimjibu. Wengi walikuwa wameshakufa. Waliobaki waliishi, wakasokota, wakatoka, na safari hii Shiro alikaa macho alfajiri na kutenganisha madume na majike kwa trei mbili, akiwaambia, "Hapa ni bweni la wasichana. Hakuna kuzubaa."

Kuhusu utando, Ba alimwambia Dakta hivi: uliomo ndani ya boksi atauvaa mpaka uishe, kwa maana kuutupa ni kuwatupa mara ya pili. Ukiisha, basi. Hakutaka mwingine, hata wa vifuko vilevile alivyolisha kwa mkono wake. Dakta alibembeleza. Kirit alipiga magoti, nilimwona. Boksi liliisha na kidonda kikiwa kimebaki kama sarafu ya shilingi ishirini. Daktari wa upasuaji alikitazama, akamtazama Ba, akaandika kwamba hakuna cha kukata. Ile sarafu haikufunga tena. Ilijikunyata, ikapanuka, ikajikunyata, miaka yote iliyofuata, na mimi niliiosha kila asubuhi. Nimezeeka nikiiosha. Watu huniuliza kwa nini sikutafuta kazi nyingine, nami huwajibu kwamba asubuhi ikifika mguu ulikuwa pale.

Kila mwaka mfungo wao mkuu unapomalizika, Wajaini huombana msamaha. Mkubwa humwomba mdogo, tajiri humwomba mpishi wake, na wanaomba hata kwa wadudu. Mwaka ule siku hiyo ilipofika, Ba alinishika mikono akaniomba, nikasema ni sawa, Ba. Kisha akataka nimpigie Shiro. Nilimshikia simu sikioni.

"Shiro, kama mimi nakosea wewe, kwa kujua ama hapana kujua, mimi naomba msamaha."

Sauti ya Shiro ilitoka nje ya simu, kubwa kama kawaida yake. "Ba, chumba changu ulichukua. Mtihani ukaniangusha. Vidole havijawahi kurudi rangi. Nakusamehe nusu."

"Nusu ingine lini?"

"Kidonda kikifunga chote."

Ba alicheka mpaka akashika ubavu. Kila mwaka ikawa hivyo, hata Shiro alipokwisha kuolewa na kuhamia Nakuru. Ba anaomba, Shiro anatoa nusu, Ba anauliza ya pili, Shiro anauliza kidonda. Nilizoea kuwasikia kama mtu anavyozoea redio.

Jioni ya siku tuliyotoka Kariokor nilimpigia Shiro. Nilimwambia Ba ameenda, na kwamba ameenda na miguu yake yote. Nilisikia sufuria ikiwekwa chini.

"Kilikuwa kimefunga?"

"Kilibaki kile kidogo. Nilikiosha asubuhi hiyo hiyo."

Shiro akasema, "Nyambura, mimi nilikuwa nacheza tu."

"Alijua."

"Alijua aje? Kila mwaka alikuwa anauliza." Akaongeza: "Sasa hiyo nusu nampa nani?"

"Nipe mimi."

"Wewe haukunikosea."

"Nipe tu. Nitaifikisha."

Akanipa, kwa maneno kamili, kama mtu anayesoma, na hakuna aliyecheka. Tangu tulipobaki watatu bila wazazi, mimi na wadogo zangu, kila kilichokuwa kinadaiwa na nyumba yetu kimeishia kwangu, kwa hiyo nilikipokea hiki bila kufikiri. Baadaye ndipo nilipoona kwamba sijui pa kukipeleka. Kwa watu wake hakuna kaburi la kwenda kusimama. Majivu Kirit aliyapeleka majini pamoja na wanaume, na kile chumba Mountain View wameshaanza kukipaka rangi. Nimeamka asubuhi nyingi tangu wakati huo, kwa saa ileile ya kuosha mguu, nikaketi kitandani na neno la Shiro mdomoni. Bado sijalifikisha.